Siku Niliyowatukana Mkizi

Mjomba Khamis ameukata mtumbwi wake wa zamani. Nusu moja ameiziba kwa mbao, sasa ni hori la kunyweshea mbuzi. Nusu nyingine iko nyuma ya jiko, imetiwa udongo na kupandwa vitunguu vya majani. Simlaumu. Mtumbwi ulikuwa umeoza chini, na hakuna ambaye angethubutu kuutia tena majini. Lakini juzi mvua ilinyesha, kisha jua likatoka kali, nami nikapita karibu na hori nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Harufu ikanishika. Ilikuwa harufu ya mti wa mwembe ulioroa, na chumvi ya zamani, na kwa mbali kabisa, magamba ya samaki. Niliweka ndoo chini, nikainama na kupitisha kidole kwenye ufa wa ubavuni. Mbuzi wakanitazama. Nikacheka peke yangu, kwa sababu nilikumbuka matusi.

Wenzangu mliokua nami upande huu wa kusini mnayajua maji ya mikokoni wakati wa kaskazi. Jua likishapanda, maji yale yanakuwa ya moto kama chai iliyosahauliwa. Tope linakunyonya mguu mpaka gotini, na ukiuchomoa linatoa mlio wa aibu ambao watoto hucheka kila mara, hata wakiusikia mara mia. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanasimama mlangoni mwa mashimo yao wakipunga, wanapunga tu, kama watu wanaoaga gari. Nilipokuwa mdogo niliamini wanatuamkia, na nilikuwa nikiwapungia. Kuwapungia kaa hakukunitia haya. Watu ndio walionitia haya.

Nilikuwa mtoto asiyenena. Nyumbani nilisema kidogo, nikiwa na Bibi. Nje, mbele za watu, sauti yangu ilikwama kooni kama ndoo iliyokwama kwenye mzizi kisimani: unavuta, unahisi uzito wake, haipandi. Skuli mwalimu akiniuliza swali nilisimama nikatazama vidole vya miguu hadi alipochoka. Watoto wakaniita Bubu, na jina likanishika vizuri kuliko lile nililopewa na wazazi. Mama alikuwa akipika katika nyumba ya watu kule Madungu, anakuja Ijumaa anarudi Jumamosi. Mimi nilikaa na Bibi Mize, pamoja na mama mdogo Rehema, ambaye kaskazi ile alikuwa ndani na mtoto mchanga, hajatoka arubaini.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Bibi alikuwa mvuvi. Hakuwa na ndoana wala mshipi. Alikuwa akitanda, yaani kuvua kwa nguo, kama wanawake wengi wa kwetu. Kutanda kunataka watu wawili. Kila mmoja anashika upande wake wa tandilo, na tandilo la Bibi lilikuwa kanga kuukuu mbili zilizoshonwa pamoja, rangi zimekwisha, maandishi yamefutika isipokuwa neno "subira." Mwenzake wa siku zote alikuwa mama mdogo Rehema. Sasa Rehema yuko ndani, na mtu aliye ndani ya arubaini haendi baharini. Wanawake wengine kila mmoja ana mwenzake. Bibi akabaki na tandilo lake begani.

"Ntakwenda na huyu," akasema, akinishika kichwa.

"Mama," Rehema akajibu kutoka chumbani, "huyo maji yatamfika kifuani."

"Yakimfika kifuani si bado pua iko juu?"

Ndivyo nilivyoingia majini.

Kwetu kuna mahali tunapaita Mlangoni. Maji yote yaliyojaa mikokoni hutoka kwa kupitia pale, katikati ya mikoko miwili mikubwa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hutoka kwa nguvu. Wanawake wanakwenda asubuhi jua likiwa limekwishapanda, maji yakiwa yanapwa. Wanajipanga mstari mmoja, tandilo kwa tandilo, wanafunga njia. Wachache wanakwenda juu wakipiga maji kwa vijiti ili samaki washuke. Kwa kuwa mlango umefungwa na wote, samaki wa pale ni wa wote. Hakuna wa Bi Fulani wala Bi Fulani. Wanakusanywa juu ya makuti, wanagawanywa mafungu.

Mkubwa wa pale alikuwa Bi Saumu, jirani yetu, mwanamke mwenye mabega ya mwanamume na sauti ya kuita watu ng'ambo. Mjukuu wake Riziki alinipita umri kidogo na aliurithi ule mdomo wote. Riziki ndiye aliyenipa jina la Bubu.

Siku yangu ya kwanza nilisimama upande wa kushoto wa Bibi, nimeshika ncha ya kanga kwa mikono yote miwili. Dagaa walikuja kwanza, kisha kamba, kisha vitasi vidogo vyenye miiba. Wote hao walinaswa. Lakini waliokuwa wakingojwa ni mkizi, na mkizi huja mwisho, pamoja na maji ya mwisho. Nikawaona. Maji yalikunjamana kwa mbali kama mvua inayokuja juu ya bwawa, kisha migongo ikatokea, mingi, inakata maji kuelekea kwetu.

"Inueni!" Bi Saumu akapiga ukelele.

Wanawake wakainua matandilo. Mimi nikainua vilevile, lakini mikono ya mtoto inafika pale inapofika. Upande wangu ulikuwa chini. Mkizi wa kwanza akaja, akagusa kanga, akageuka ubavu, kisha akaruka. Alipita karibu na uso wangu. Niliona jicho lake. Ninaapa mpaka leo kwamba lilinitazama. Baada yake wakaruka wote, mmoja baada ya mwingine, juu ya upande wangu, chap, chap, chap, wakaangukia nyuma yetu na kwenda zao baharini.

Niliona wazi kuwa wamenikasirikia. Sikujua nimewakosea nini. Nikasema kwa sauti ndogo, "Samahani."

"Bi Mize!" Bi Saumu akaita, maji yakimtiririka kidevuni. "Mwenzio kawafungulia mlango, na kwaheri kawapa!"

Wanawake wakacheka. Bibi naye akacheka, maana ilikuwa ya kuchekesha. Mimi nilitamani kujizika topeni pamoja na kaa.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko lililofuata. Kugawa mafungu kuna utaratibu wake. Mafungu yakishapangwa sawasawa, mtu mmoja anageuka na kuwapa watu mgongo, na daima ni yule mdogo kuliko wote waliokuwa majini. Mwingine anagusa fungu kwa kijiti na kuuliza, "Hili la nani?" Yule aliyegeuka anataja jina bila kuona. Ukitajwa, hilo ni lako, kubwa au dogo. Na likishatajwa halirudi nyuma. Wanasema, "Mdomo uliogeuka hauulizwi."

Siku ile mdogo nilikuwa mimi. Wakanigeuza. Bi Saumu akagusa fungu la kwanza.

"Hili la nani?"

Nilijua majina yote. Niliyaona yamejipanga kichwani. Nikavuta ile ndoo, nikavuta, haikupanda. Nyuma yangu nzi walikuwa wanavuma.

"Hili la nani, mwanangu?"

Nikavuta tena, wapi.

"Bibi, haneni huyo," Riziki akasema. "Samaki wataoza. Nitaje mie?"

Akageuka, akataja yeye. Alitaja haraka na kwa mbwembwe, kila mtu jina lake, na lilipofika fungu la mwisho, ambalo lingekuwa langu, akasema, "La bibi yangu," mara ya pili. Watu wakatazamana. Bi Saumu mwenyewe akaona vibaya kidogo, akamwangalia Bibi.

"Mdomo uliogeuka hauulizwi," Bibi akasema. Akachukua fungu lake moja, tukaondoka.

Mchana ule tulikula muhogo kwa dagaa. Mama mdogo Rehema alisikia habari yote kabla hatujaosha miguu, kwa sababu kijijini habari hutangulia mtu. Akatoka hadi mlango wa chumba, mtoto begani, macho yamemwiva.

"Mama, kesho kutwa arubaini. Watu wa Vitongoji wanakuja, wakwe zangu wote. Wao wavuvi, wamezoea samaki kama sisi tulivyozoea muhogo. Tuwawekee nini juu ya wali? Mchicha?"

"Bado kesho," Bibi akasema.

"Kesho ndiyo siku ya mwisho ya bamvua. Baada ya hapo maji hayapwi vya kutosha. Na Saumu leo kachukua fungu la mtoto! Mie ningekuwa nje ningekwenda nikamwambie, na sauti yangu ingefika Chake."

"Kaa chini, Rehema. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi."

Rehema akarudi ndani. Yeye aliielewa methali. Alielewa kwamba mwenye hasira hujitupa mwenyewe mikononi mwa anayemtaka. Mimi nilikuwa na tonge la muhogo mkononi, na sikuelewa hivyo hata kidogo. Mimi nilisikia habari za uvuvi. Nilisikia kwamba mkizi kweli ana hasira, kama nilivyoona kwa macho yangu, na kwamba akikasirika anaruka, na akiruka mvuvi anafurahi. Sasa mbona sisi hatukufurahi? Nikafikiri sana, tonge likakauka. Nikaona kosa. Hatukufurahi kwa sababu walianguka pasipo na kitu. Na tena walikuwa wamekasirika kidogo tu. Wangekasirika zaidi, wangeruka wote.

Nilinawa mkono nikaenda kwa Mjomba Khamis.

Nyumba yake ilikuwa hapo hapo, ukivuka migomba. Alikuwa amekaa kivulini anasuka dema la kunasia samaki, fito zimemzunguka. Mjomba alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ulikuwa unanitisha kuliko fimbo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bibi kakutuma?"

Nikatikisa kichwa.

"Mama mdogo?"

Nikatikisa.

"Basi njaa imekutuma. Iambie mie pia yanijua."

Nilisimama. Yeye akaendelea kusuka. Mjomba hakuwa na haraka na watu wasionena, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia. Kuku wakapita. Hatimaye nikasikia sauti yangu.

"Nnataka mtumbwi."

Fito ikamtoka mkononi. "Wataka nini?"

"Mtumbwi. Kesho."

"Wenda wapi, Mombasa?"

"Mlangoni. Mkizi waingie."

"Waingie wenyewe?"

"Wakikasirika."

Mjomba Khamis alicheka mpaka akakohoa, akajipiga kifua. Kisha akanitazama, akaona sikucheka, na kicheko kikamwisha polepole.

"Nani kakwambia mkizi hukasirika?"

"Bibi."

Akakuna kidevu. Akatazama upande wa nyumba yetu, kisha upande wa mikokoni. Niliona ameanza kufikiri kama mvuvi.

"Wanarukia upande gani?"

"Upande wangu. Uko chini."

"Na kesho utauinua?"

"Kesho ntaushusha zaidi."

Hapo mjomba aliweka dema kando kabisa. "Basi sikiliza. Mtumbwi uuweke nyuma yako, ukingame. Lakini mkizi haanguki unapotaka wewe, atakuvuka. Upande wa pili wa mtumbwi simamisha makuti, yawe kama ukuta. Akivuka atagonga kuti, atarudi ndani. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na usiutoboe," akasema. "Mtumbwi huu ndio mke wangu wa pili."

Asubuhi iliyofuata mimi na Bibi tuliondoka maji yakiwa bado mengi, tukausukuma mtumbwi kwa pondo kati ya mikoko. Bibi hakuwa amecheka nilipomweleza. Alikwenda mwenyewe kukata makuti. Tulifunga mtumbwi kwa kamba kwenye mizizi, ukakingama nyuma ya mahali petu. Tukasimamisha makuti. Kisha tukangoja, miguu topeni, nikawapungia kaa.

Wanawake walipofika, Riziki ndiye aliyeona kwanza.

"Bibi, Bubu kaja na kitanda!"

"Jana kachoka kuaga wageni," Bi Saumu akasema, "leo kaja kulala. Bi Mize, na mto je, mmesahau?"

"Mto utaletwa na wageni wenyewe," Bibi akasema.

Wakajipanga. Vijiti vikaanza kupiga maji kule juu. Dagaa wakaja, kamba wakaja. Jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu, chumvi inanikausha usoni. Nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kushusha kanga, na hiyo nyepesi. Ya pili ilikuwa kuwakasirisha. Nilikuwa nimeifikiria tangu jana. Unamkasirishaje mtu? Mimi nilijua vizuri jinsi mtu anavyokasirishwa, kwa sababu nilikuwa nimefanyiwa kila siku. Nilikuwa na matusi mengi yaliyowekwa, ya watu wengine, sijawahi kuyatumia hata moja.

Maji yakakunjamana.

"Haoo!" akapiga ukelele mtu wa juu. "Wengi leo!"

Wakaja. Walikuwa wengi kuliko jana, migongo ya kijivu imebanana, maji yanachemka. Wanawake wakainua matandilo. Mimi nikashusha upande wangu hadi kiunoni.

"We mtoto!" Bi Saumu akafoka. "Inua!"

Nikafungua mdomo. Kwanza ilitoka sauti ya paka.

"Mla tope," nikasema.

Mkizi hawakusikia. Walikuwa karibu, wanasita mbele ya kanga, wanageuka geuka.

"Mla tope!" nikasema tena, na mara hii ndoo ikapanda. Niliisikia inapanda. "Mla tope wee! Kichwa gogo! Macho kama vifungo vya shati!"

Bibi akageuka kunitazama, mdomo wazi.

"Mnakimbilia wapi, mmeiba? Mama yenu hajawaosha! Mkia umepasuka kama suruali! Hamna nyumba, mwalala majini! Midomo imeshonwa, hamneni? Mabubu! Mabubu nyote!"

Nilikuwa nalia na kupiga kelele pamoja, na huku napiga maji kwa kiganja, pa, pa, pa. Mkizi wa kwanza akaruka. Alipita juu ya kanga, akagonga kuti, akaangukia ndani ya mtumbwi, na mtumbwi ukalia dum. Wa pili, dum. Kisha hakukuwa na wa tatu wala wa nne, kulikuwa na mvua. Walikuwa wanaruka kwa pamoja, fedha tupu hewani, na mtumbwi wa Mjomba Khamis ukilia kama ngoma ya harusi. Mmoja alikosa njia akampiga Bi Saumu kifuani, naye akaenda chini, tandilo na kilemba na yote, akainuka akitema maji.

"Watukane!" akapiga ukelele. "Watukane mwanangu, usiwaache!"

Naye akaanza. Sitaandika hapa alichowaambia Bi Saumu wale samaki, kwa sababu yeye alikuwa mtu mzima na alijua mengi. Wanawake wakacheka hadi wakashindwa kusimama. Wengine wakaacha matandilo wakashika mbavu, wengine wakaanza kutukana pia, wote kwa pamoja, wanawaita mkizi majina ya watu waliowaudhi, mawifi na waume. Bibi Mize, ambaye sikuwahi kumsikia akimsema mtu vibaya, aliinua kidole akawaambia mkizi, "Nyie hamna adabu!" Hilo ndilo lililokuwa tusi lake. Riziki peke yake alisimama kimya. Mdomo wake ulikuwa wazi, na hakuna neno lililotoka.

Maji yalipokwisha, mtumbwi ulikuwa umekaa juu ya tope, umejaa. Samaki walikuwa bado wanapigapiga, magamba yamerukia makutini, mikononi, kwenye nywele zangu. Nikainama juu yao nikavuta pumzi. Mti wa mwembe, chumvi, magamba. Harufu ile ile.

Ya arubaini nitayamaliza hapa, kwa sababu nataka kumalizia pengine. Watu wa Vitongoji walikuja wengi, na walikula mchuzi wa mkizi wa nazi na mkizi wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, wakaongezwa, wakaongezwa tena. Wanawake wote wa Mlangoni walileta kila mmoja samaki kadhaa kutoka katika fungu lake, wakisema watakuja kuwala papo hapo, kwa hiyo hawajampa mtu kitu. Mama mdogo Rehema alitoka nje na mtoto, uso unang'aa mafuta. Baba mkwe wake, mzee mvuvi, aliuliza ni nani aliyewavua mkizi wengi namna ile kwa kanga. Mjomba Khamis akamjibu, "Hawakuvuliwa, mzee. Walisutwa." Mtoto yule wa arubaini sasa ni msichana mkubwa, anatanda. Nimemsikia mwenyewe akiwaita mkizi wala tope. Hajui tusi hilo lilikotoka; anadhani ndivyo inavyofanywa tangu zama.

Siku hizi najua kwamba mkizi hana hasira. Ana hofu tu, anaruka anapoona njia imefungwa na kelele iko nyuma yake. Hasira ilikuwa yangu. Lakini sioni haja ya kumsahihisha mtu. Mtumbwi ulijaa.

Sasa turudi Mlangoni, kabla hatujaondoka siku ile. Makuti yalitandikwa, samaki wakamwagwa, mafungu yakapangwa. Yalikuwa mafungu makubwa ambayo sijapata kuyaona tena. Wanawake walikaa juu ya mizizi, wamechoka kwa kucheka, wanakamua nguo.

"Leo ataje Riziki," mwanamke mmoja akasema. "Huyu sauti yake imekwisha kwa matusi."

Ilikuwa kweli. Koo lilikuwa linawaka. Nikamtazama Bibi.

"Anayetaja ni mdogo," Bibi akasema. Basi.

Nikageuka mwenyewe, sikungoja kugeuzwa. Mbele yangu ilikuwa mikoko, na tope linalong'aa, na kaa wangu mlangoni mwa mashimo yao, wote wanapunga. Bi Saumu akachukua kijiti.

"Hili la nani?"

"La Bi Saumu," nikasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kama kifuu juu ya sakafu, lakini ilikuwepo.

Nyuma yangu mtu akacheka kidogo. Kijiti kikagusa tena.

"Hili la nani?"

Nikawataja. Niliwataja wote, mmoja mmoja, wale waliopiga maji kule juu na wale walioshika matandilo, na sikumsahau yeyote. Lilipofika moja nikasema, "La Riziki," na nikasikia mtu anavuta pumzi. Nikasema, "La Bibi Mize." Kisha kijiti kikagusa fungu la mwisho, na Bi Saumu akangoja kidogo kabla ya kuuliza, kama mtu anayetua mzigo kwa uangalifu.

"Na hili, mwanangu? Hili la nani?"

"Sema la Bubu," mtoto mmoja akanong'ona.

Kaa walikuwa wanapunga. Mimi nikavuta ile ndoo, na safari hii ilikuja nyepesi, imejaa pomoni.

"Langu," nikasema.

Kisha nikasikia makuti yakiburuzwa, yanaletwa pale miguuni pangu, na sauti ya Bi Saumu juu ya kichwa changu, ya upole kwa mara ya kwanza.

"Mdomo uliogeuka hauulizwi."